Risiti Namba 0417

Chini ya risiti, herufi ndogo kama sisimizi:
"Mali ikishauzwa hairudishwi."
Sawa, Bwana Kimolo.
Ila sisi hatukuchukua mali rafuni.
Tulikuandikia, mhuri wa kikundi juu yake:
WAKULIMA WA ZABIBU HOMBOLO,
fulana thelathini na moja,
kila mgongo na jina lake.

Ukatuletea ZABUBI.
Tukacheka. Mkulima kazoea hasara.
Kisha ikaja ndoo ya kwanza ya kufulia:
zambarau ikachuruzika kama tumekanyaga mavuno,
ikala kanga ya Mama Ndahani,
ikala na shuka za mgeni.

Elfu kumi na tano kila mtu.
Nyemo alilipa kwa sarafu za mia mia,
kopo zima la maziwa.
Mimi mweka hazina ndiye niliyezihesabu,
na nakala ya oda ninayo, imekunjwa mara nne,
Z-A-B-I-B-U, soma mwenyewe.

Unasema: leteni zote, nitachapa upya.
Zote?
Nimefika Majengo na mifuko miwili ya sandarusi.
Hesabu.
Thelathini.

Ya Nyemo haimo.
Tulimzika nayo Jumanne, aliusia mwenyewe,
mgongoni pameandikwa NYEMU.

Usiinamishe macho, sikuja kuomboleza dukani kwako.
Andika hapo: thelathini na moja.
Ya mwisho ataivaa bintiye,
yuko darasa la tatu,
na kusoma anajua.