Daftari la Mizani

Nilipima kobalti miaka kumi na mmoja,
gunia baada ya gunia, mpaka kiwanda kikanyamaza.
Mizani nikaja nayo nyumbani. Hakuna aliyeiulizia.
Sasa inapima mbegu,
nyepesi hata mshale hausogei.

Tuko wanne. Thembo hufundisha kemia Kilembe,
Kabugho hushona sare za shule pale Bwera,
Mbusa ana ng'ombe wawili na goti bovu huko Kyarumba,
na mimi, Ithungu, mwenye kalamu.
Hatuvuti. Haya, tuseme ukweli: Mbusa huvuta.
Lakini si moshi uliotukusanya.

Ni kiini kimoja
ambacho mmea hukificha kama mjane afichavyo noti pindoni.
Thembo ana jina lake, refu kama treni ya shaba enzi za baba.
Sisi twakiita Kimya:
hakilewishi, hakichekeshi,
na ni sehemu moja kati ya mia mbili,
siku ambayo ua limeamua kuwa karimu.
Je, zaweza kuwa sehemu tano katika mia?
Hakuna aliyetuagiza tuulize.
Wengine hufuga njiwa.

Bondeni kuna kampuni: uzio, mbwa, mihuri.
Maua yao hupanda ndege.
Wao wana leseni, sisi tuna makopo ya siagi.

Tuliipa mimea majina kama tuwapavyo watoto,
kwa zamu ya kuzaliwa. Jike la kwanza Masika,
jani jembamba, harufu ya dizeli na limau.
La pili Biira, mfupi, mpenda mvua.
La tatu ikawa ugomvi:
"Jina langu mmelipa bangi?" Kabugho, sindano mdomoni,
kisha akacheka nusura aimeze.

Kila uzao, mbegu mafungu manne,
asiwepo mwenye zote.
Sheria ya Mbusa, aliyewahi kukimbia vita
na maharage ya mbegu ndani ya soksi.

Ikatufaa. Uzao wa tatu, Nyamwamba ulishuka na mawe yake,
ukachukua jiko la Thembo na makopo kumi na tisa.
Uzao wa nne, askari wakafika Bwera.
Waling'oa, wakachoma, wakahesabu miche kwa sauti
kama watoto wa darasa la kwanza.
Kabugho alilala kituoni siku mbili.
Akatoka, akamshonea sare binti wa koplo,
akamtoza koplo bei kamili.

Mbegu zilikuwa kwangu, chini ya mizani.

Uzao wa sita: majike kumi na manane mfululizo,
halafu mmoja, kitindamimba, akatoa vifuko.
Dume. Basi, Muhindo:
ndivyo aitwavyo ajaye kugeuza zamu.
Amepinda, rangi ya chai ya maziwa.
Thembo: ng'oa. Mbusa: ng'oa.
Nikaandika "ang'olewe", nikapiga mstari chini yake.
Kabugho akamsitiri nyuma ya cherehani
kwa gauni la shule ambalo mzazi hajalilipia,
na chavua yake akampaka Biira
kwa unyoya wa kuku.
Alituambia mbegu zilipokwisha kukomaa.

Miezi mitano baadaye, maabara ya shule, mapazia chini,
Thembo akadondosha tone juu ya bamba jeupe.
Tukasubiri lipande.
Kile cha kulewesha kilitangulia, chekundu, chenye kelele.
Chini yake, mahali petu pa siku zote patupu,
ukucha mmoja wa zambarau.

Hakuna aliyeruka. Mbusa alivua miwani, akaipangusa,
akatazama tena.
"Tatu," Thembo akasema. "Labda tatu na nusu."
"Naandika tatu." Nimefanya kazi na mizani:
nusu ndiyo hufungisha watu.

Tukagawa mbegu mafungu manne.
Ikabaki moja, haigawanyiki.
Kabugho akaiokota kwa ncha ya kidole,
akaitia kwenye kopo lake la vifungo,
bila kumwomba mtu.

Hiyo sikuiandika.