Mafiga ya Bibi Nkwimba

Usinionyeshe kibao chako, kijana wa Mambo ya Kale.
Nimekisoma, kwa rangi nyeupe umeandika:
MARUFUKU KUONDOA KITU CHOCHOTE.
Umechelewa miaka sitini.

Kaa hapo, pumzisha goti.
Kilima hiki hakimzoei mgeni kwa siku moja.
Chini yako Mkuyuni, mabati na moshi,
kule Nyanza, imelala chali,
na majabali haya yaliyobebana mgongoni
hakuna aliyeyapanga, hayo ni ya Mungu.
Ya Mjerumani ni yale yenye kona.

Bwana Rengi, ndivyo midomo yetu ilivyomtamka,
alikuwa na picha mezani, kwenye fremu ya shaba:
mto, mizabibu, na juu ya genge
ngome ya kwao, iliyobomoka tangu enzi za mababu zake,
mnara mmoja umebaki kama jino la kizee.
Akasema, nataka kama hii, ila nzima.
Kwao walijenga kwa kuogopana wenyewe kwa wenyewe.
Hapa alimwogopa nani?
Mikuki yetu ilikuwa darini, inaliwa na kutu.

Baba yake Nkwimba, Shigemelo, alibeba.
Jiwe moja kutoka ufukweni hadi hapa
ni pumzi mia tatu na themanini. Alizihesabu,
na sisi tumerithi hesabu hiyo badala ya ng'ombe.
Aliyeangusha alilazwa kifudifudi: hamsa ishirini.
Tazama pale, mstari wa tano kutoka chini,
kuna jiwe limekaa upande.
Alimwomba mwashi alikosee makusudi.
Ndiyo sahihi yake. Kalamu hakupewa.

Miaka sita kujenga, mitatu kukaliwa.
Kisha vita vyao vikawafuata huku,
na usiku mmoja taa zikazimwa,
punda wakafungwa matambara kwatoni,
asubuhi lango liko wazi na mbuzi wameshaingia.
Mwingereza akajaza humo magunia ya pamba, na mafaili.
Naye akaondoka.
Paa likaondoka kipande kipande
wala hakuna aliyeuliza linakwenda wapi.
Wakabaki nyuki, wakabaki pimbi,
na mijusi wenye vichwa vya waridi
wakipiga pushapu juani
kama askari ambao hawakuambiwa vita vimekwisha.

Wamekuja wachimbaji pia, usiku, na ramani za kununua,
wakisema rupia, wakisema dhahabu, wakisema zebaki nyekundu.
Mmoja, Lukelesha wa Nyegezi, aliuza pikipiki
akachimba sebuleni kwa Rengi hadi kimo cha mtu.
Akatoka na kizibo cha chupa
na kisigino cha buti.
Bibi alimpa uji. Hakumcheka mbele yake.

Mali ilikuwa wapi? Nitakuambia, usiandike.
Kila alipopanda kutafuta kuni
Nkwimba alishuka na jiwe kichwani, juu ya ngata.
Moja tu. Hakuwa na tamaa wala haraka.
Wengine wakamwona.
Ngazi za kanisa. Zizi la mzee Ndalahwa.
Msingi wa choo cha shule,
kaburi la mtoto wa Holo,
pale bombani tunapofulia, penye ulaini wa sabuni.
Ngome ilishuka kilima kwa njia ileile iliyopandia,
kwa shingo za ukoo uleule,
ila safari hii hakuna aliyesimama pembeni na kiboko.

Sasa unauliza lango la kaskazini liko wapi.
Ingia jikoni. Inama, mlango ni mfupi.
Hilo figa la kushoto lina tarakimu,
nusu ya mwaka; nusu nyingine sijui iko kwa nani.
Limeungua, halisomeki vizuri,
ukilipapasa utaihisi tisa.
Pima, piga picha, andika namba yako.
Ila usiliguse kwanza.
Dagaa hawajaiva,
nikiondoa moja chungu kinamwagika,
na wewe, naona, hujala tangu asubuhi.