Bibo la Msabaha

Mtini, korosho huning'inia chini ya bibo.
Yetu imekaa juu, kama kofia ya mlevi,
maana saruji haikubali kuning'inizwa.
Chengo, mwenye mikanju mia na thelathini,
hajamsemesha fundi Thoya tangu siku ile.
"Umelipindua tunda la watu!"
Na Thoya, kutoka juu ya ngazi, akinyoosha mwiko:
"Simama kichwa chini, utaliona sawa."

Tulichanga. Kikundi cha mama wabangua korosho,
ishirini na wawili, wawili wameshafariki.
Mifuko tisini na sita ya saruji,
nondo za mkopo, kokoto za Jaribuni,
rangi nyekundu ya dukani kwa Bahasani
ambaye daftari lake bado lina ukurasa wetu.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
kazi yangu kuhesabu ndoo za maji
na kufukuza mbuzi wasilambe chokaa.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa, kufuli limeota kutu.
Tuliambiwa dunia husimama penye kitu kikubwa:
jengeni kikubwa kuliko vyote,
magari yatapunguza mwendo,
watashuka, watapiga picha, watanunua.
Mama yangu, Mbeyu, aliuliza swali moja tu:
"Wakishuka, watajisaidia wapi?"
Ndipo tukajenga na choo.

Siku ya kupima alikuja kijana wa shati jeupe,
na fomu, na utepe wa mita tano.
Utepe ulifika kitovuni mwa bibo,
ukafyatuka kurudi ndani, ukamkata kidole.
Akasema atakuja na mwingine.
Hatukungoja. Mama alifungua leso kiunoni,
ile ya zambarau, iliyoandikwa
*Nilicho nacho chanitosha, jirani usinihesabie*,
tukalizunguka bibo leso kwa leso:
leso kumi na moja, dhiraa moja, na shibiri ya mtoto.
Shibiri ilikuwa yangu.
Tukaandika hivyo hivyo kwenye fomu.

Jibu lilichukua miezi saba.
Kuna mji, ng'ambo, jina lake sikulishika,
una korosho ya bati yenye taa ndani.
Imetuzidi nusu mita.
Nusu mita! Thoya alipanda ngazi usiku huohuo
aongeze kikonyo. Tulimshusha kwa maneno mazuri
na sahani ya mahamri.

Nisiseme uongo, magari hupunguza mwendo.
Mengine hushusha watu. Hupiga picha wakijifanya wanaliuma,
mmoja amepanua kinywa, mwenziwe kapiga magoti kwenye lami
akitafuta pembe ambayo bibo litaenea mdomoni.
Vidole vya mama hawavitazami.
Mafuta ya ganda hula ngozi.
Vyake havina mistari tena,
na siku ya kitambulisho mashine ilimkataa mara nne.
Karani akasema, "Mama, hapa wewe hupo."
Naye akatoa pakiti ya korosho kikapuni,
akaiweka juu ya meza ya serikali:
"Na hizi kabangua nani?"

Sasa rangi imepauka, wekundu umebaki wa ufizi.
Nyuki wamehamia ndani ya korosho,
kwenye tundu ambalo Thoya aliliacha, sijui kwa nini,
mwenyewe asema ni la kupumulia.
Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye mkunjo wa juu
na kunguru hushuka kunywa wakigombana.

Na Chengo huja, akidhani hatumwoni.
Husimama upande wa pili wa barabara,
hutazama kulia, hutazama kushoto,
kisha huinama, mikono magotini,
akapitisha kichwa katikati ya miguu yake.
Hukaa hivyo muda mrefu
kwa mtu wa umri wake.