Kipimo

Kiungulia hakibishi hodi.
Saa nane usiku kinapanda kifuani
kama maziwa yaliyosahaulika jikoni,
nami nakaa wima kitandani, hapa Ziwani,
nikimeza mate machungu,
nikisikiliza malori yakishuka kuelekea Ngara.

Asubuhi, Kariokor. Mkebe wa gundi ukifunguliwa tu
tumbo linajipindua.
Nashona ukanda mmoja, nashikilia meza.
Nashona wa pili, natoka nje kutema.

Makokha wa kibanda cha pili akaniona.
Akachukua mkasi wa ngozi, akaikata pakiti yake,
akanipa vidonge vinne:
"Hivi ni dawa mbili ndani ya kimoja, Mumbe.
Moja inazima moto, moja inatuliza kichefuchefu.
Mimi vimeniponya."

Nikavigeuza kiganjani. Nusu vyekundu, nusu vyeupe.
Mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina;
zilibaki herufi tatu,
na tarehe ya kuharibika ilibaki kwa Makokha.

Miaka kumi na tisa nashona viatu.
Mteja akisema, "Nishonee kama vya shemeji,"
namwambia: vua soksi, simama kwenye karatasi.
Hata mguu wako wa kulia
si lazima ulingane na wa kushoto.
Na mimi huyu huyu, maji tayari mkononi,
nilikuwa karibu kumeza kiatu cha Makokha.

Basi nikavuka barabara.

Bi Dahabo wa famasi hakuvigusa.
"Unameza nini kingine?"
Hakuna, nikasema.
Akasubiri. Mama yule anajua kusubiri.
"Labda… ile ya kuvu. Ya kucha.
Mvua hizi, matope ya soko. Wiki ya tatu sasa.
Lakini hiyo ni ya miguu!"

Hakucheka.
"Tumbo halina mlango wa miguu na mlango wa kifua.
Zote zinaingilia pamoja.
Hii yako ya kuvu inaizuia ile ya kichefuchefu
isitoke mwilini. Inajaa. Inajaa.
Halafu moyo unakosea hatua."

Moyo.
Nikamtajia mama yangu,
aliyeanguka akichambua pojo, ungo mapajani,
na daktari akasema ni mapigo yaliyopotea njia.
Bi Dahabo akaandika.
Sikujua kwamba marehemu naye
huulizwa habari zake kwenye duka la dawa.

Akanituma kliniki kabla ya kuniuzia chochote.
Wakanibandika nyaya kifuani,
mashine ikachora milima midogo midogo,
daktari akaipitia kwa kidole, kimya,
kisha akaniandikia dawa moja tu, ya asidi.
Nusu saa kabla ya chai.
Kizima, bila kutafuna, bila kukifungua.
Siku kumi na nne, kisha nirudi tuzungumze.
Nisile githeri saa nne usiku nikalala juu yake.
Na nikitapika damu,
au choo kikiwa cheusi kama rangi ya viatu,
au chakula kikikwama kooni,
nisingoje siku ya kumi na nne.

Jioni nikamrudishia Makokha vidonge vyake vinne.
Akanuna. "Nilikuonea huruma."
Najua, nikamwambia.
Akarudi kwenye nyundo yake, akapiga misumari mitatu,
nyundo ikanyamaza.
"Mumbe. Kwani hivi vitu humezwa kwa muda gani?"
"Wewe umeanza lini?"
"Januari."
Tulikuwa Agosti.
"Nani alikupima?"
Akaangalia chini, kwenye miguu yake,
kana kwamba jibu liko kule.

Kesho yake alfajiri aliniachia kibanda, akaenda Ngara.
Wakaja wateja wawili,
na kwa kutojua bei zake
nikauza jozi yake nzuri, ile yenye shanga za buluu,
kwa hasara.

Atanilaumu.
Na anilaumu. Anayelaumu ni mzima.