Mguu Sawa

Candiru kazima rangi zote, kaniachia kioo cheusi
na kimstari kimoja kinachopepesa
kama jicho la kuruta aliyefumwa akisinzia lindoni.
"Mzee Onzima, inangoja amri yako."

Amri! Binti, nimezitoa miaka ishirini na sita,
Arua mpaka Moroto,
kwa sauti iliyorusha kunguru juu ya mabati.
Hapa, ghorofani juu ya duka la matairi,
sauti haina kazi. Ni kidole kimoja tu, cha shahada,
kinachosaka herufi
kama mtu aliyeangusha kifungo nyasini.

Nataka pwd. Nachapa pdw.
Haijui.
Haitukani, haimtaji mama yangu,
yasema tu haijui, na kimstari chapepesa tena.
Narudia. Sasa yanionyesha niliposimama:
mkwaju, jina, mkwaju, jina.
Alama hiyo nayo yaitwa mkwaju!
Mgongo wangu waufahamu tangu depo.

ls, na wanatoka wote, mmoja mmoja:
barua ya pensheni, picha za arusi ya Ayikoru,
hesabu ya mihogo, ile ya mwaka wa ukame.
cd, nafasi, nukta mbili.
Nyuma geuka! Nacheka peke yangu.

Kisha mkdir, niwajengee hema jipya.
Nabonyeza.
Kimya.
Nangoja. Kwetu, kimya baada ya amri
kilimaanisha mtu hakusikia, au kasikia akakataa,
na yote mawili yalikuwa na adhabu yake.
"Imeshafanya," asema Candiru, mdomo umejaa chapati.
"Ikinyamaza ujue imefanya."

Ya rm alinifundisha kwa sauti ya chini.
Haina kapu la taka. Haiulizi mara mbili.
Kilichokwenda kimekwenda.
Sikumwambia kwamba amri ya namna hiyo naijua.
Niliondoa tu kidole kwenye kibao,
nikakipangusa surualini.

Saa kumi na mbili kasoro. Umeme utakatika.
"Moja ya mwisho, mzee. Iulize wewe ni nani."
whoami, nachapa, herufi kwa herufi,
na bila kukusudia nimeketi wima, kidevu juu,
kama aitwaye mbele ya gwaride.

onzima

Herufi ndogo. Bila sajini, bila namba.
Candiru keshaanza kufunga madirisha.
Naiuliza tena.