Haina Ndugu Duniani

Jani lenyewe halikuzidi ukucha.
Kaohinani alilikata kwa mkasi mdogo,
akalitia kwenye bahasha yenye punje za kunyonya unyevu,
akaandika: Haleakala, mita elfu mbili na mia nane,
upepo mwingi.

Mjomba Palakiko alisimama nyuma yake
kama mzazi anayetazama mwanawe akidungwa sindano.
Miaka thelathini amefukuza mbuzi kwenye mteremko huu.
Baba yake alifukuza wageni,
waliong'oa mimea hii ya rangi ya fedha
wapate kuiona tu ikibingirika.
"Andika na hili," alisema. "Haina ndugu duniani."

Vinasaba havina adabu ya kunyamaza.
A, T, T, G, wiki sita kwenye kioo cha kompyuta,
herufi nne tu, alfabeti ya fukara,
na ndani yake nasaba isiyotajika kwa pumzi moja.
Alilinganisha safu na safu.
Akarudia. Akatamani kosa.
Damu nzito kuliko maji, husema watu;
mmea hauna damu, una maji tu,
na maji yakataja jamaa:

magugu.
Magugu ya Kalifonia, ya kando ya barabara,
yanayonata kwenye miguu ya ng'ombe,
ambayo wakulima huyalaani kabla hata ya kahawa.
Mbegu ya babu yao, labda, ilishika unyoya wa ndege
ikavushwa bahari ambayo haikuwa bado na jina,
ikadondoka juu ya jiwe linalonuka moto,
na huko, bila wa kuiuliza kwao ni wapi,
ikajifunza baridi, ikajifunza jua, ikavaa fedha.

Akampigia simu mjomba.
Kimya kirefu, mbwa akibweka upande wa pili.
"Na hayo magugu, nayo huchanua mara moja yakafa?"
"Mengi yao, ndiyo. Ila hayangoji miaka hamsini.
Yanangoja miezi mitano."
Mjomba akacheka mpaka akakohoa.
"Haraka ya bara hiyo," alisema. "Waambie hatukuirithi."

Mwezi wa nane, karibu na kituo cha mafuta
kusini ya Sakramento, alisimamisha gari.
Akapiga magoti kati ya makopo na vipande vya tairi,
akashika shina lenye vinyweleo, jembamba, lenye vumbi.
Lilinuka kitu kikali, karibu na limau.
Gundi yake ilibaki vidoleni,
kisha kwenye usukani,
kisha kwenye kitasa cha mlango wa hoteli.
Sabuni ilikuwepo.
Hakunawa.