Limekula Chumvi

Agosti, muuzaji alipitisha kiganja ubavuni mwake
kama mtu anayebembeleza ng'ombe wa mnada.
Limekula chumvi nyingi, angesema, lau angejua Kiswahili,
na lingekuwa neno pekee la kweli siku ile.

Maana limeila kwelikweli:
chumvi inayomwagwa barabarani usiku wa barafu,
chumvi ya upepo unaoramba madirisha ya Port Talbot,
miaka arobaini na moja,
nayo chumvi, kwa zamu yake, ikalila.

Sasa ni Machi. Nimelala chali uani
juu ya zulia kuukuu, bisibisi mkononi,
nagonga kizingiti cha mlango. Ngo. Ngo. Ngo.
Kisha pu,
bisibisi imezama hadi kwenye mpini
na kutu inanimwagikia usoni kama ugoro.

Alwyn, jirani, anachungulia juu ya ua.
Miaka thelathini alilehemu kiwandani;
tanuri likazimwa, akabaki na miwani myeusi na kikohozi.
"Usigonge tena," anasema. "Au gonga kote."
Anakuja na grenda, na waya mrefu wa umeme,
na biskuti mfukoni asizomgawia mtu.

Yeye gari hulitaja kwa kiwakilishi cha mwanamke.
Bibi huyu, anasema, kateswa.
Mimi ninalo katika ngeli ya li-ya,
pamoja na jiwe, jembe, jino na jina:
halina jinsia, halina kinyongo,
lina tundu la kupitisha ngumi.

Tunakwangua rangi ya samawati. Chini yake, ya maziwa.
Chini ya maziwa, puti nene kama andazi,
na ndani ya puti, jamani, gazeti!
Limekunjwa, likashindiliwa, likapakwa, likapigwa msasa
na fundi fulani aliyetaka kuuza kabla ya Jumamosi.
Alwyn analinyoosha gotini. Matokeo ya raga.
Anasoma, anaguna: "Tulishindwa."
Miaka ishirini na sita karatasi imeshika zamu ya chuma.

Mficha maradhi... namalizia kimoyomoyo.
Mimi ni nesi; nimeona wangapi
wakifika wodini na vidonda vilivyopakwa poda.
Na jana tu mama alipiga simu kutoka Korogwe.
"Hujambo?" "Sijambo."
"Na goti?" "Limepona."
Msasa laini kabisa, namba elfu mbili.

Hapa methali ya ufa inageuka. Kabla ya kuziba
unapanua. Unakata hadi grenda ikutane na chuma kinachojibu,
hadi cheche ziruke nyeupe.
"Bado," anasema Alwyn. Nakata. "Bado."
Tundu la ngumi linakuwa la kichwa,
kisha la mtoto aliyejikunja, na humo naona
jiko dogo la gesi, pazia la maua ya rangi ya chungwa
lililoshonwa na mtu aliyetarajia likizo njema.
"Hapo."
Pauni elfu mbili na mia nne, nimenunua shimo.

Mkono wake siku hizi unatetemeka,
kwa hiyo yeye anashika taa na matusi, mimi nalehemu.
Doa moja hapa, doa jingine mbali,
usikae mahali pamoja: bati litajipinda kwa joto
kama mtu anayeulizwa maswali mfululizo.
Mshono wangu ni mbaya, una vinundu,
kovu lililoshonwa usiku na daktari mwanafunzi.
Lakini nagonga. Ngo.
Nagonga tena kwa sababu ya utamu wake. Ngo.

Kisha praima, nayo, kwa kejeli ya watengeneza rangi,
ni nyekundu ileile ya kutu.
Mpita njia hataona tofauti.

Upande wa kulia bado hatujaufungua.
Alwyn ameacha biskuti moja juu ya boneti.
Simu inaita. Korogwe.
Nainuka polepole, mkono mmoja garini.